Hatua Kumi na Saba

Saa tatu asubuhi, Julai, mbele ya ukumbi wa jiji la Calgary,
nainua mwavuli wa manjano na kuhesabu vichwa:
kumi na wanne, kumi na mmoja wamevaa kofia za kauboi
zilizonunuliwa jana; moja bado inaning'iniza bei.
Mji mzima umejivika hivyo. Meneja wa benki kavaa buti,
daktari wa meno karundika marobota ya nyasi mlangoni,
na kwenye maegesho ya kanisa mwanasheria mwenye aproni
anageuza chapati za maji, bure kwa kila mtu,
foleni imezunguka kona, shira inachuruzika hadi viwikoni.

Beji yangu yasema Coralee. Kampuni imenipa kurasa sita:
hapa mnara, hapa reli, hapa mawe ya mchanga.
Nasema Mto Bow, nasema Mto Elbow, yaani Kiwiko,
na kwamba watu wa Blackfoot walipaita kiwiko
kabla mtu yeyote hajachora mtaa. "Mohkinstsis," natamka,
na mama wa Siksika anayeuza bangili za shanga
ananisahihisha bila kuinua macho. Narudia. Ananiachia.

Wa kumi na nne ni Bwana Stasiuk.
Hana kofia. Ana mfuko wa plastiki na koti la mvua
ingawa jua linachoma.
Alizaliwa mitaa minne kutoka tuliposimama,
na kila Julai hukata tiketi, bei kamili,
hataki kusikia punguzo la wazee,
ili mimi, wa miaka ishirini na sita, nimwoneshe mji wake.
Mgeni njoo, mwenyeji apone, basi;
huyu ni mwenyeji anayelipia ugeni.

Uwanjani. Samadi, mafuta ya donati, krimu ya jua.
Vipaza sauti vinakohoa. Fahali anapiga geti la chuma kwa pembe.
Naeleza sheria: sekunde nane, mkono mmoja hewani,
ule wa pili ukimgusa mnyama, huna alama.
Kijana wa Saskatoon anauliza, "Na fahali je, anapewa alama?"
Nusu ni zake, namwambia.
Anafurahi kama aliyerudishiwa chenji asiyoitarajia.

Kisha, nyuma ya mazizi, juu ya lami tupu,
navunja ratiba. "Mapumziko," natangaza. "Kunyweni maji."
Hakuna cha kupiga picha. Trela, pipa la taka, nguzo ya taa.
Bwana Stasiuk anaanzia kwenye nguzo,
anahesabu kwa Kiukraine, hatua kumi na saba,
anapinda kidogo kuikwepa meza isiyokuwepo,
anasimama. Hapa palikuwa jiko.
Mtaa wote ulibomolewa ili tamasha lipate nafasi.
Walimlipa, hakatai, hundi ilikuwa halali.
Mkewe, Olha, alifagia sakafu asubuhi ya tingatinga.
Asubuhi ileile. Akapiga na deki.

Ndani ya uwanja geti linafunguka kwa kishindo,
maelfu wanavuta pumzi moja.
Yeye ameshusha mkono hadi usawa wa kiuno,
vidole vinazungusha kitu kidogo, taratibu,
kama mtu anayepunguza moto chini ya supu.
Tatu, nne, najikuta nahesabu,
tano, na kelele zinageuka kuwa guno:
mpanda fahali yuko chini, anatema vumbi.
Stasiuk bado amesimama.

Trela inapiga honi. Dereva anataka kuegesha
pale pale, juu ya jiko. Tunampisha.

Wakati wa kuagana wengine wananipa sarafu.
Yeye anatoa kwenye mfuko wake chupa ya matango ya siki,
kifuniko kimefungwa kwa utepe wa daftari.
"Lile daraja la Elbow," anasema, "umesema zamani lilikuwa jekundu.
Lilikuwa la kijani. Na mwaka jana ulikosea vilevile."

Namshukuru. Natoa kalamu mbele yake,
naandika *kijani* pembeni mwa ukurasa wa nne,
chini ya *kijani* ya mwaka jana.
Mwakani, akija, nitasema jekundu.