Meno Yanajua

Kwanza Roswitha alipoteza harufu ya kahawa,
kisha ya sabuni, kisha ya mbwa aliyenyeshewa.
Homa ya Februari ilipita, ikafunga mlango wa pua,
ikaondoka na ufunguo.
Daktari alimnusisha karafuu, siki, mafuta ya taa.
"Maji," akasema. "Maji. Na haya pia maji."
Miaka arobaini na mitatu
alikuwa ameonja divai za bonde zima la Mozeli
na watu walishusha bei au kuipandisha
kwa jinsi alivyoinua nyusi.

Ndiyo maana Jumanne hii ya Novemba nimeitwa mimi,
mkwe, fundi wa mabomba, mnywaji wa bia,
nikae naye ghalani chini ya nyumba
nimnusie.

Glasi ya kwanza nyeupe: Rizlingi ya mteremko wa juu,
kule mawe meusi bapa yanakoteleza chini ya kiatu
na jua, likifika, hufika limechoka.
Nikatia pua. "Tunda," nikasema.
"Tunda gani? Dunia imejaa matunda."
"Tofaa."
"La nani? Limeiva? Limeng'atwa lini?"
Nikatia pua tena.
Tofaa bichi, nikasema, mtoto ameling'ata mara moja
akaliacha juu ya ukuta.
Na ganda la limau lililobaki ukuchani.
Na nyuma kabisa, sijui nisemeje,
ngazi ya mawe, mvua imekatika sasa hivi,
hakuna aliyeikanyaga bado.
Hakuandika kitu. Alifumba macho.
"Endelea. Umekaribia nyumbani."

Ya pili ilitoka kwenye tambarare, kando ya mto.
"Hii," nikasema, "ni mgeni anayesifu kila sahani."
Akacheka mpaka penseli ikaanguka.
"Hiyo ni ya shemeji yangu Volkmar. Tema."

Kisha nyekundu,
nyepesi, ungeweza kusoma gazeti ng'ambo yake.
Cheri chachu. Bitiruti na udongo wake.
Lango la chuma asubuhi, ulilolishika bila glavu.
Na moshi.
"Moshi?"
Moshi, nikasema, wa mbali, wa jana.

Akanyamaza. Halafu akanisimulia Aprili ile:
sakitu ilivyoshuka saa tisa usiku,
yeye na marehemu Alban wakikimbia kati ya mizabibu
kuwasha makopo ya nta, mamia ya makopo,
mlima mzima umewaka kama wenye harusi,
na alfajiri wakahesabu macho ya matawi
kwa vidole vilivyokufa ganzi: katika kila matatu, moja hai.
Mwaka ule walipata pipa moja tu.

"Kwa hiyo ndiyo hii," nikasema, sauti chini.
"Si hii. Hii ni ya mwaka mtulivu, haukuwa na kisa.
Moshi uko kwenye koti lako.
Umetoka kuwasha jiko."

Nikavua koti. Nikanusa tena.
Kweli, cheri tu.

Ndipo akaniomba ile nyeupe ya kwanza.
Akaishika kinywani muda mrefu,
mashavu yakabonyea, taya zikatoa mate,
jicho moja likalengwa na machozi.
"Chachu," akasema, polepole, kama anayetaja jina la mtu.
"Za nchi za joto zimeniaga zote.
Zilikuwa manukato, nazo zimekwenda na pua.
Lakini baridi haikuwahi kunukia.
Baridi hukaa kwenye meno."
Akaonja nyekundu, akapitisha ulimi juu ya ufizi.
"Na ukakasi upo. Mdogo. Kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi."

Akaokota penseli. Kabla hajaandika akauliza:
"Yule mtoto. Kwa nini aliliacha tofaa?
Lilikuwa kali mno?"

Hapana, nikasema. Aliitwa kula.

"Basi atalirudia," akasema,
akaandika alama, akaifunika kwa kiganja
nisiione.