Simba wa Kushoto

Ansgar ameileta ndani ya mfuko wa mikate,
kofia ya vita ya babu wa babu yake,
ngozi nyeusi, shaba iliyopakwa dhahabu,
simba wawili wameshika ngao juu ya paji.
"Jumapili kuna gwaride," anasema. "Ing'ae."

Hapa Passau mito mitatu inakutana
na unyevu haupigi hodi.
Umepenya vitundu ambavyo jicho halivioni,
ukaifikia shaba chini ya dhahabu yake,
na shaba ikajibu kwa kijani.
Kikulacho ki nguoni mwako:
hata ngozi, kwa mafuta yale yale yaliyoilainisha,
imeiotesha shaba nta ya kijani
kila zinapogusana.

Siki hapana. Ndimu hapana. Amonia ibaki dukani.
Nina kijiti cha mwanzi nilichokichonga mwenyewe,
pamba, maji yaliyokenekwa,
na lenzi inayonilazimu nizuie pumzi.
Punje moja.
Nyingine.
Mgongo unanung'unika.
Dhahabu hii ilibandikwa kwa zebaki na moto,
mafundi wakauvuta ule mvuke, meno yakawalegea,
nasi tunadai mng'ao kwa siku tatu!

Alhamisi nimeufungua ukanda wa kidevuni.
Chini ya kifungo chake, pasipofika kitambaa,
dhahabu ipo, nzima, nzito kama kiini cha yai.
Lakini simba wa kushoto hana uso.
Nikatafuta kutu ya kulaumu. Haipo.
Ni mikono: Bibi Kreszenz, kisha Ottilie,
kisha mke wa Ansgar mwenyewe,
kila mwaka kabla ya sikukuu, jivu na kipande cha sufu,
wakisugua ili marehemu asisahaulike,
mpaka manyoya, pua, mdomo
vikaondoka na kitambaa.

Nimwambieje?
Kutu imedonoa. Mapenzi ndiyo yaliyokula.

Jumamosi anarudi, theluji mabegani.
Nimeipaka nta nyembamba,
madoa mawili nimeyaacha: yamelala, ya nini kuyaamsha.
Anaitazama kwa muda mrefu. Haing'ai alivyotaka.
Anauliza bei, halafu hasikilizi jibu.
Kidole gumba chake, kwa mazoea ya ukoo mzima,
kinaelekea pale uso ulipokuwa,
nami, bila neno,
nampa glavu.