Hodi Moja

Nikaiambia mashine: lala milisekunde moja, uamke.
Ikalala. Ikapitiliza kwa mikrosekunde sitini.
Nikarudia mara elfu kumi, Uyole, mwezi wa sita,
vidole vikikataa kukunjika.

Karibu zote, sitini.
Moja, mia tisa. Nani aliizuia mlangoni?

Kumbe kiini cha mfumo hakigongi kila mlango.
Husubiri wanaokaribia kuamka
kiwaamshe kwa hodi moja, kubana umeme.

Mama naye:
mimi wa saa kumi na moja,
Tusekile wa na robo,
mwiko ukagonga ukuta mara moja tu,
kuni zisiungue mara mbili.

Robo saa ile niliyozidishiwa
sikuwahi kuiandika popote.
Leo naifungulia safu kwenye jedwali.