Sababu ya Safari

Darajani Ruzizi afisa Murhula
alikuwa na kisanduku kimoja cha kujaza.
"Sababu ya safari, mama?"
Kutembea, nikasema.
"Kutembelea nani?"
Mji.
Akanitazama kama mtu aliyepewa noti iliyochanika.
"Unatumika na shirika gani?"

Kwetu Tabora kinachotumika ni sufuria, ni ufagio,
ni chaki mpaka ibaki punje ya kukwaruza kucha.
Nikamwambia situmiki tena, nimestaafu;
miaka thelathini na mmoja nimefundisha jiografia,
kila muhula wa pili nachora Ziwa Kivu ubaoni
mfano wa haragwe, nalifuta kengele ikilia.
Nimekuja kuona nilichokuwa nikifuta.

Akaandika: familia.

Bukavu haikunipokea. Ilikuwa na kazi.
Mvua ilikuwa imepita alfajiri, na barabara ya Kadutu
ilikuwa inashuka yenyewe, kidogo kidogo, kuelekea ziwani,
na watu wakiipanda kana kwamba hawaijui.
Bati la huyu ni ua wa yule.
Mtoto aliangusha kijiko mlangoni kwao,
kikalia juu ya paa la jirani,
na mkono wa jirani ukakirusha juu
bila uso kutokea.

Jengo la Mbelgiji, lenye kona ya duara kama omo ya meli,
limeanikwa sidiria pale ambapo nahodha angesimama.
Chini yake mtu mmoja anashona viatu, anauza vocha, ananyoa.
Umeme ulikatika kabla sijamaliza chai.
Hakuna aliyeguna. Kinyozi alibaki na nusu ya kichwa;
mwenye kichwa akatoka nje kununua ndizi.

Mzuri, mji huu?
Wageni huandika kwamba ni mkono wa kijani uliotumbukizwa majini.
Sawa, mkono. Ila hawakutazama kucha.

Muhanzi niliufuata kwa pua:
dizeli, mananasi ya Idjwi, kamba mbichi.
Boti mbili zimefungwa ubavu kwa ubavu,
ubao mmoja kwa wanaopanda na wanaoshuka;
wabebaji wanapishana kwa makalio, gunia halitikisiki.
Ukingoni chupa za plastiki zimesongamana
hata ndege anatembea juu yake bila kulowa.
Nikatoa simu.

"Unapiga foto ya nini? Ya takataka?"
Ni Cibalonza, anayepima sambaza kwa kopo la maziwa.
"Ya kwenu ku Tanzania, munaifichaka wapi?"
Nikarudisha simu mfukoni.
Nikanunua makopo mawili, kwa aibu,
na la tatu kwa sababu alikuwa ameanza kucheka.

Nikamchorea haragwe langu
kwa kidole, juu ya meza yenye magamba.
"Hii ni ziwa ya nani?"
Akalifuta kwa kiganja, akachora lake.
Halikuwa na ukingo. Lilikuwa na njia tu:
ya Kalehe, ya Minova, penye upepo wa saa tisa,
penye askari anayedai kitu kidogo,
penye shangazi anayelaza abiria bure.
Kisha nukta, katikati, akaibonyeza kwa gumba.
"Hapa, boti ikipita, tunanyamaza."

Sikuuliza. Mwalimu hujua swali la kuacha.
Mteja akaja, kopo likawekwa juu ya ziwa.

Siku ya nne, darajani tena.
"Aa, mama wa familia! Ulitumika?"
Viatu vyangu vilikuwa na Kadutu mpaka kwenye kamba,
begi lilinuka Muhanzi,
goti la kushoto lilikuwa linasema yake.
Nikafikiria sufuria.
Ndiyo, baba. Nilitumika.
Akagonga muhuri bila kuinua macho.
"Na familia?"
Wana kazi, nikasema.