Kilo Kumi Kasoro

Kazi yangu ni mzani. Makorora, nyuma ya gereji,
napima chuma chakavu: rimu, nondo, sufuria zilizotoboka,
injini ya pikipiki iliyoua mtu na haisemi.
Nikikwambia kilo arobaini, jua ni arobaini na mbili:
kidole changu gumba kiko chini ya sahani,
kinanyanyua kidogo.
Wauzaji wengi ni watoto, hawaangalii mkono.

Nyumbani kuna hesabu nyingine.
Mimi na mama yake tunameza vyetu vizima.
Mwanakombo, kilo tisa na nukta sita,
kimoja na nusu, kila saa moja jioni.
Kimoja si tabu. Nusu ndiyo kazi.

Kuna mfuo katikati, mwembamba kama ukucha wake.
Naweka wembe juu yake, bismillahi, nabonyeza.
Siku moja kikakatika vibaya:
upande mmoja mnene, wa pili mwezi mwandamo.
Mzani wangu hausomi kitu chini ya nusu kilo.
Nikazikunja nusu zangu kwenye karatasi ya sigara
hadi Ngamiani, kwa Kantilal sonara.
Akadhani nimeleta hereni ya wizi.
Alipofungua, akanyamaza. Hakuuliza dawa ya nini.
Akaiweka moja kwenye kile kisahani cha dhahabu,
kisha nyingine.
"Zinapishana, lakini punje tu.
Leo mpe hii, kesho ile."
Nikatoa buku. Akanirudishia kwa ncha ya koleo.

Kliniki, Jumanne.
Mwanakombo ananing'inia kwenye mzani, miguu inapiga hewa,
mshale unatetemeka, unatulia: tisa na nukta nane.
Kumi ile pale, naiona.
Kuanzia kumi ni viwili vizima,
wembe naurudisha kwenye ndevu.
Kidole kikasogea chenyewe.
Miaka yote kimezoea kunyanyua,
siku hiyo kilitaka kukandamiza.

Nesi Mhina hakuinua macho kwenye kadi.
"Baba Mwanakombo. Mkono."
Kisha polepole, kama mtu anayechambua mchele:
"Ukimwekea uzito wa uongo,
mimi nitamwandikia dawa ya kweli."

Mwezi uliofuata malaria ikaja kuchukua chake.
Tisa na nukta tatu.
Tukaanza upya: uji wa ulezi na karanga,
mbaazi za nazi, bada na mchuzi wa papa,
machungwa ya Muheza, namenya, anatema, namenya.
Nikahesabu gramu kama mshairi anavyohesabu mizani:
silabi moja ikipelea
ubeti mzima unachechemea.

Siku hizo kijana mmoja akaniletea nondo zake za kawaida.
Nikazipima, nikamsomea.
Akakuna kichwa. "Mbona leo zimekuwa nzito?"
Nikamwambia labda mvua.

Vuli ilipoanza, mshale ukasimama
kumi na nukta moja.
Hakuna aliyepiga kigelegele. Kwenye benchi lile
kila mtu amekuja na ukimya wake kwenye mkoba.
Nesi Mhina akaupiga mstari ule moja na nusu,
akaandika mbili, akaikoleza ile mbili
mara ya pili, bila sababu.

Jioni. Kikombe cha kahawa, maji vijiko viwili.
Vidonge vikaanza kuvunjikavunjika, vikitoa harufu ya tunda
ambalo soko zima la Mgandini sijaliona.
Mkono wangu ukapapasa juu ya kabati, unautafuta wembe.
Ndani ya kopo imebaki nusu moja,
haina mwenzake, nitairudisha kliniki.

Mwanakombo akanywa, akakunja uso,
akanirudishia kikombe,
akagonga kitako chake kwa kidole:
bado, kuna unga umeganda,
tia maji.