Muhuri na Risiti

Mezani, kando ya bukari iliyopoa,
karatasi mbili.

Ya kwanza ina muhuri: kampuni ya shaba,
bima, basi la alfajiri, kofia ngumu yenye namba.
Ya pili Mwape ameiandika kwa kalamu
nyuma ya risiti ya saruji:
"Tuko watatu. Chumba ni cha shangazi, Kamalondo.
Betri zilizokufa tunazifufua. Mshahara, tukipata."

Baba anaisoma ya muhuri mara mbili, kwa sauti.
Yeye pia alipewa namba.
Unga ulikuja kila mwezi, gunia zima,
mpaka ulipoacha kuja.
Ile namba anaikumbuka hadi leo;
siku niliyozaliwa huwa anauliza.
"Nenda," anasema. Halafu, akinawa:
"Lakini usiwaamini."

Usiku umeme unakatika Katuba nzima.
Ng'ambo ya barabara Mama Nshimba anauza maandazi
chini ya taa niliyomfungia Jumapili,
waya mmoja mwekundu bado unachungulia nje.

Natia sahihi penye muhuri.
Miaka miwili tu, najiambia.
Risiti ya Mwape naikunja,
naichomeka ndani ya kofia ya Baba pale msumarini,
kwenye ule ukanda
uliokaukia jasho lake.