Ukuta wa Dhiraa Moja

Msanifu Kalunde alikuja na karatasi zilizoviringishwa
kama mkeka wa mgeni asiyejua atalala wapi.
"Fundi Mihambo, nasikia baba yako alijenga tembe."
Nikamjibu: alijenga. Mimi nililibomoa.

Sikumwambia yote siku ile.
Kwamba ulikuwa mwaka wa bei nzuri ya tumbaku,
nina bando tatu za bati
na haraka ya kijana anayetaka kuolea nyumba inayong'aa.
Kuta ziligoma. Siku mbili nilizipiga sururu,
udongo ukinirudishia teke mabegani,
na baba amekalia kinu kilicholala,
anamenya karanga, hasemi neno.
Jioni ya pili aliuliza tu:
"Milango ya mkola utaiweka wapi?"
Niliiuza Sikonge, kwa mfuko wa saruji na nusu.
Ile nusu iliganda kabla sijaitumia.

Sasa hapa Tutuo wanataka wodi mpya ya wazazi.
Ya zamani naifahamu, ni kazi ya mikono hii:
matofali ya kuchoma, madirisha yanatazama magharibi
kwa sababu barabara iko magharibi.
Mwezi wa kumi, saa nane mchana,
misumari ya paa hulia yenyewe, ta, ta,
na mwenye uchungu hujipepea kwa kadi ya kliniki.
Tanuru lake lilikula miyombo ya kilima kizima.
Warina asali wanakiita kilima kile kwa jina langu,
wala si kwa sifa.

Kalunde akauliza: ukuta wa tembe ulikuwa sentimita ngapi?
Sijui sentimita. Nikanyoosha mkono,
kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati.
Akaupima kwa futi ya chuma, akaandika,
akasema labda mkono wa baba ulikuwa mrefu zaidi.
Ulikuwa.

Kwenye kikao Bi Nyamizi alisimama:
"Tumechanga magunia, tuletewe udongo?
Udongo tunao nyumbani, pamoja na kunguni wake."
Tukacheka wote. Alikuwa na haki.
Kalunde hakubishana. Aliomba samli, vibakuli viwili:
kimoja wodini,
kimoja kwenye msonge wa mama yake Nyamizi,
ambao wajukuu huuonea haya.
Saa tisa vikarudi. Cha wodini kilikuwa mafuta, yanacheza.
Cha pili, kijiko kilisimama wima.
Nyamizi alikitazama kile kijiko
muda mrefu kuliko samli ilivyostahili.

Basi: udongo wa kichuguu, mchanga wa mto, saruji kiganja;
tofali likashindiliwa, likakauka kivulini, halikuonja moto.
Uwanja katikati, wa kuotea jua la asubuhi za Juni.
Matundu ya juu niliyaiba kwenye bani la tumbaku;
joto linajua kupanda, lipe tu mlango wa kutokea.
Paa ni bati, ndiyo, bati. Hatujengi makumbusho.
Lakini chini yake dari la matete, limekandikwa,
limefungwa kwa kamba za gome la mtundu.
Vidole vilifunga fundo lile kabla sijalikumbuka.
Nikaketi palepale jukwaani.
Vijana wakadhani ni kizunguzungu, wakaniletea maji.

Mvua ya kwanza ilikuja usiku, ya kishindo.
Nilikuwa barazani na tochi, nikivizia uvujaji.
Mvua kama ile, kule wodi ya zamani,
humziba mkunga masikio;
huona tu mdomo wa mtoto umefunguka.
Safari hii, katikati ya ngurumo,
ikapenya kwenye matundu ya bani
sauti nyembamba, yenye hasira,
ya mtu mgeni kabisa Tutuo.
Nikaegemeza mkono ukutani, kiwiko hadi kidole.

Kona ya kusini, tone moja.
Nimeliona. Kesho nitapanda.